Usininunulie Mjerumani

Sanyu,

Kaa kitako kwanza. Hii barua ni ndefu, na mwandiko ni wa mtu aliyeachana na shule darasa la sita kwa makubaliano mazuri kabisa: mimi nilisema nimechoka, mwalimu akasema hata yeye. Penye kosa la herufi pita polepole kama unapita kwenye shimo, usimtukane dereva.

Wewe na mama yako mmekwenda Kikuubo kununua sanduku na mashuka. Ninavyomjua, mtaingia kila duka mpaka la mwisho, halafu mrudi kununua lile la kwanza. Kwa hiyo nina saa tatu nzima na kalamu yako. Kesho asubuhi unapanda basi la Nairobi, na kutoka Nairobi la Arusha, ukaanze kazi ya uhasibu kwenye ofisi yenye kiyoyozi na kadi ya mlangoni yenye sura yako. Na usisahau kwamba walipokuhoji ulifaulu kwa Kiswahili changu. Shahada ni ya chuo, ulimi ni wa baba. Mambo ya kula vizuri, kusali, kufunga mlango na kuwaangalia wanaume wa huko, mama yako ameyasema wiki nzima na mimi sina la kuongeza. Wanaume wa huko nawaonea huruma wao.

Mimi nina jambo moja. Nimeona zile karatasi mbili ulizoacha mezani chini ya Biblia. Usiseme nilipekua. Nilikuwa natafuta miwani yangu, na miwani yangu hukaa mahali popote palipo na karatasi za watu.

Ya kwanza ni ya mkopo wa gari kwa wafanyakazi. Hiyo umeijaza yote, imebaki sahihi tu. Aina ya gari umeandika. Rangi umeandika, nyeusi. Makato ni karibu nusu ya mshahara, kila mwezi, miaka minne. Ya pili ni ya mfuko wa uzeeni, ule wa hiari, ambao wewe ukiweka kidogo kila mwezi ofisi nayo inaongeza kidogo juu yake. Hiyo umeiacha nyeupe. Pembeni umeandika kwa penseli neno moja, "baadaye".

Nilidhani gari ni lako. Nikafurahi hata, nikasema msichana ana macho ya baba yake. Halafu jana Wafula akanipigia simu. Unamjua Wafula, tumeendesha barabara moja miaka zaidi ya ishirini, na tumbo lake halina mahali pa kuweka siri.

"Baba Sanyu, hongera," akasema. "Binti ameniuliza bei ya Mjerumani mweusi kule bandarini. Anasema ni zawadi. Uliuza lako ili asome, sasa anakurudishia."

Nikamwambia asante, nikakata simu. Nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama pale bila kazi yoyote, mpaka mama yako akauliza kama tumbo linaniuma.

Basi nasema mapema, usije ukasoma kurasa zote ukitafuta. Usininunulie gari. Sitaki. Na usidhani ni unyenyekevu, mimi na unyenyekevu hatujawahi kukutana. Sitaki kwa sababu unataka kulipa kitu ambacho sikukupa. Nilikudanganya, Sanyu, na nimekudanganya miaka minne. Nitafika hapo. Lakini wewe unanijua, siwezi kuanza na aibu kabla sijajisifu kidogo.

Katika Kampala hii hakuna mkubwa aliyekalia gari lake kabla yangu. Mwenye maghorofa, mchungaji wa kanisa kubwa, mwanasiasa, wote wamekalia joto langu. Gari likishuka melini Mombasa, ni mimi na wenzangu tunalipokea, halina namba, lina stika ya njia tu, na tunalileta kwa barabara, Voi, Nairobi, Eldoret, Malaba, mpaka kwenye bondi hapa Kampala, ule uwanja magari yanapongoja kulipiwa ushuru. Nimefanya kazi hii tangu kabla hujazaliwa. Kuna gari ambazo wenyewe hawajui kitufe cha kupasha kiti kiko wapi, mimi najua.

Na ina sheria zake. Ya kwanza, plastiki ya kiti haitolewi. Unakalia plastiki kilomita zaidi ya elfu moja, jua la Voi linakupiga, unashuka umeiva kama matoke ndani ya majani yake. Ya pili, kabla hujawasha gari Mombasa, unaweka nauli ya kurudi ndani ya soksi. Maana gari kubwa linakwenda upande mmoja tu. Ukishalikabidhi, unarudi pwani kwa basi, kiti cha nyuma, karibu na mtu mwenye kuku. Dereva aliyekula nauli yake ya kurudi tunamjua kwa kuona tu. Anazungukazunguka bondi akicheka sana na kila mtu.

Safari moja, wewe ulikuwa mtoto wa kutambaa, nilipewa Mjerumani mweusi. Nilikuwa nimevaa koti la mtumba nililonunua soko la Owino, la mtu mnene aliyefariki Ulaya pengine. Baada ya Malaba tukakuta kizuizi cha polisi. Afande akainama dirishani, akaona koti, akaona ngozi chini ya plastiki, akanyooka.

"Pita, mheshimiwa," akasema. Akapiga saluti.

Wafula alikuwa nyuma yangu kwenye kagari kadogo ka rangi ya maziwa. Yeye walimfungua buti, wakataka kizimamoto, wakataka pembetatu, nadhani wakamuuliza hata jina la bibi yake. Mimi nilikuwa nimeshafika mbali, nimekaa kwenye kile kiti kama mtu aliyezaliwa ndani yake.

Nilipofika bondi, mwenye gari alikuwa anangoja. Nikamsalimia. Hakuniangalia, aliangalia kama mlango una mkwaruzo. Halafu akamwambia kijana wake, kwa Kiluganda, akidhani sielewi, "Mwambie dereva atoke, anatoa jasho." Asubuhi mheshimiwa, jioni jasho. Mwanangu, ile saluti ilikaa mwilini mwangu kama malaria. Inapoa, unadhani umepona, halafu inarudi. Watu wanadhani nilipenda gari. Mimi nilikuja kununua ile saluti. Gari ndilo lilikuwa mfuko wa kuibebea.

Sasa mizigo. Kiluganda chako ni cha mama yako, mimi mpaka leo nakiongea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Lakini hili neno nililielewa vizuri, na nilipolielewa ndipo nilipoharibu. Kwa watu wa hapa mizigo ni vile vyumba vya kupangisha, kimoja kimoja, vimepangwa mstari, kila mlango na pazia lake. Kila mtu asiye na pensheni mji huu akiwaza uzee wake anawaza mizigo. Kwetu sisi tuliotoka upande wa pili wa mpaka, mizigo ni kitu unachobeba kichwani.

Wafula alipata kiwanja Nateete, nyuma ya soko, kinachotosha watu wawili. Wakati huo tulikuwa na akiba ya madereva, kila safari unaacha kidogo, na fungu langu lilikuwa limenona. Alinikuta kwa mama wa chai, pale nje ya bondi, na madereva wengine kama kumi.

"Baba Sanyu, tujenge mizigo," akasema. "Sisi hatuna ofisi itakayotupa pensheni. Siku macho yakigoma, nani atatupa usukani?"

Nikaweka kikombe chini. Nikatazama watazamaji wangu.

"Wafula," nikasema, "mimi nimebeba mizigo tangu nizaliwe. Sasa nataka kubebwa."

Walicheka mpaka mama wa chai akaacha kumimina. Mmoja alilia machozi. Nikaona nimeshinda kesi. Sanyu, huo ndio mzaha wa bei ghali kuliko yote katika ukoo wetu, na kwa ujinga wangu niliurudia kila tuliposimama kunywa chai, nusu mwaka mzima, kwa sababu kila mara walicheka. Wafula hakucheka hata mara moja. Alijenga vyumba vinne. Mimi nikatoa fungu langu lote, nikaongeza mkopo, nikanunua Mjerumani.

Utanisamehe, lakini siwezi kuandika vibaya juu ya ile siku nilipolitoa bondini. Nilitoa plastiki mwenyewe, kwa mikono yangu, polepole, kiti kimoja baada ya kingine. Mama yako alisimama mlangoni akisema nitachelewa chakula. Na namba, je? Wewe umekulia hapa unajua, gari la Kampala halina umri, lina herufi. Mtu anasoma herufi ya tatu ya namba yako kabla hajakusalimia, anajua liliingia nchini lini, ndipo anaamua akusalimie vipi. Yangu ilikuwa herufi mpya, imetoka wiki ile ile. Kanisani nilipaki mbele ya mlango, waumini wote wakalipita wakienda kumwona Bwana.

Ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba herufi haingoji. Ikaja nyingine, ikaja nyingine. Gari halijapata hata mkwaruzo, lakini herufi imeshachacha. Nilikuwa nimenunua kitu kinachozeeka kikiwa kimelala.

Halafu mikutano ya harusi. Ukienda Arusha waulize kama wanayo kama yetu, ile ya wiki baada ya wiki, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki wakiahidi michango. Hapa kwetu watu huweka funguo za gari mezani, na mwenyekiti wa kamati hasomi sura, anasoma funguo. Jioni moja Wafula alinialika harusi ya binti wa jirani yake. Sikumjua bibi harusi, sikumjua bwana harusi. Nikaweka ufunguo mezani, ile alama juu, si kwa makusudi, ingawa kwa makusudi.

"Leo naona tumetembelewa na Mjerumani," mwenyekiti akasema. "Ssebo, keki tukuandikie wewe?"

"Keki ya namna gani?"

"Ya ngazi saba, ssebo. Kwa mtu kama wewe."

Kwa mtu kama wewe. Maneno manne, Sanyu. Nikasema aniandikie. Watu wakapiga makofi. Wafula, aliyekuja kwa boda na mwenye vyumba vinne Nateete, aliahidi kreti mbili za soda, na wakampigia makofi yale yale. Njiani nilimwambia, "Wale watu wanakudharau." Akasema, "Wanidharau taratibu, kesho nina kodi ya kupokea."

Ile keki niliikamilisha kwa pesa ya mafuta. Ndiyo maana mwezi ule gari lilikaa uani, na mimi nikawa napita uchochoro wa nyuma, kofia usoni, natembea mpaka stendi ya boda ya mbali wasikonijua, ili majirani wadhani napumzika ndani. Fikiria mtu anatoroka nyumbani kwake ili asionekane anakwenda kazini.

Na sasa Bwaise. Najua unaikumbuka, maana umeisimulia mara mia. Umemaliza mitihani ya sekondari, nimekuja kukuchukua bwenini, godoro limefungwa juu, sanduku la bati nyuma, mvua imenyesha tangu alfajiri. Tukafika Bwaise barabara imekuwa ziwa. Magari madogo yamesimama pembeni yakisubiri, watu wamepandisha suruali magotini. Ukaniambia, "Baba, tugeuze." Nikakuambia, "Wale wana magari, sisi tuna Mjerumani." Nikaingia. Maji yakapanda mpaka milangoni, ukafungua dirisha, watu wa vibandani wakapiga miluzi, na wewe ukawa unawapungia mkono kama rais aliyekuja kutazama mafuriko. Tulicheka mpaka Nateete. Ile siku sijutii na hakuna atakayenilazimisha kuijutia, hata mama yako.

Lakini ndiyo siku niliyoliua lile gari. Ningegeuza ulivyosema, lingekuwa zima. Maji yaliingia kwenye giaboksi na kwenye waya fulani ambazo fundi alizitaja kwa jina refu, akavua kofia. Wiki tatu baadaye likaanza kuruka kama mbuzi. Mwezi wa pili likasimama uani. Bei ya kulitengeneza ilikuwa karibu nusu ya gari. Miezi mitano lilikaa pale, kuku wa mama yako akataga chini ya injini. Nilikuambia nangoja spea kutoka Ujerumani. Hakuna spea iliyoagizwa. Mwisho likanunuliwa na fundi yule yule, vipande vipande, kama anavyonunuliwa ng'ombe aliyekufa zizini. Pesa yake ilimalizia mkopo wa gari lenyewe, na ikabaki ya viatu. Nikanunua viatu.

Hakukuwa na karo ndani yake, mwanangu. Hata ya wiki moja.

Uongo nao haukupangwa. Siku gari linavutwa kutoka uani, ndiyo wiki ile barua yako ya chuo ilikuwa imefika. Majirani wametoka kutazama, na unajua majirani zetu wanavyotazama. Yule mwenye duka la chumvi akauliza, "Baba Sanyu, Mjerumani anahama?" Ulimi ukajisemea wenyewe. "Binti anaingia chuo," nikasema. "Mzazi afanyeje?" Halafu yule mwenye duka akanipa mkono, kwa mikono miwili. Na wewe ulikuwa mlangoni, ukasikia, ukaja ukanikumbatia mbele yao wote, ukalia kwenye shati langu.

Pale ndipo ningesema. Sikusema. Kukumbatiwa kule kulikuwa kutamu kuliko saluti.

Aliyekusomesha ni mama yako. Miaka yote ile nilipokuwa napaki mbele ya kanisa, yeye alikuwa anauza katogo, zile ndizi za mchuzi za asubuhi, kwa mafundi wa Nateete, na wewe unajua anaamka saa ngapi kumenya zile ndizi. Mimi niliita ile pesa "ya chumvi na sabuni", nikidhani nafanya utani. Kumbe kidogo kidogo alikuwa anampa Wafula, na Wafula, mtu asiye na mahali pa kuweka siri, hiyo moja aliiweka. Mwisho wa mstari wa vyumba vyake kuna chumba cha tano. Ni cha mama yako. Kodi ya chumba kile na ile katogo ndizo zilizokulipia chuo muhula baada ya muhula. Risiti zote anazo, ziko kwenye bati la biskuti.

Mimi nilijua ukiwa mwaka wa pili. Nilikwenda kwa Wafula kuazima jeki. Msichana fundi cherehani anayekaa mlango wa mwisho akanisimamisha.

"Ssebo, mwambie nyabo nimeshatuma kodi kwenye simu yake."

"Nyabo yupi?"

"Mke wako. Si ndiye mwenye chumba?"

Nilirudi nyumbani bila jeki. Mama yako alikuwa kwenye kigoda, anamenya.

"Mama Sanyu, una nyumba?"

"Nina chumba."

"Tangu lini?"

Hakuinua macho. "Tangu ulipotaka kubebwa."

Nikakaa chini, pale pale kwenye maganda. Baadaye nikamuuliza kwa nini hakuniambia, miaka yote ile, mimi mume wake. Akasema, "Ningekuambia, ungekigeuza mafuta ya gari." Mimi, Sanyu, ambaye nimewajibu maafande wa nchi mbili, nikachukua kisu nikaanza kumenya naye.

Sasa ungedhani mtu akishajua hivyo atasimama aseme ukweli. Nilingoja siku nzuri. Siku nzuri ikaja, sherehe yako ya kuhitimu, hema, watu wa kanisani, spika za kukodi, na wakanipa maikrofoni. Unajua mimi na maikrofoni. Nikasimulia Mjerumani. Nikasimulia baba anayetazama gari lake likivutwa ili binti yake aende chuo. Nikaweka na machozi, na machozi yalikuwa ya kweli, sijui yalitoka wapi. Watu wakasimama kupiga makofi. Mama yako alikuwa amebeba sinia la nyama. Akasimama nalo mpaka nilipomaliza, kisha akaendelea kugawa. Usiku ule aliniambia maneno mawili tu, "Umeongea vizuri."

Hayo maneno mawili nimeyala tangu siku ile, na bado hayajashuka.

Basi hiyo ndiyo zawadi unayotaka kunirudishia. Nusu ya mshahara wako, miaka minne, kwa ajili ya hotuba.

Wewe ni mhasibu, sitakufundisha hesabu, mimi ya sehemu ilinishinda ndiyo maana nikatoka shuleni. Lakini nakuambia kitu cha kazini kwangu. Nilikuwa dereva hodari wa kuweka nauli ya kurudi kwenye soksi, safari zote, sijawahi kuila hata moja. Niliwacheka wenzangu waliokula yao. Na kumbe ile kubwa, ya kurudi kutoka kwenye ujana wangu wote, ndiyo niliyoitoa nikanunulia viti vya ngozi. Ile karatasi nyeupe uliyoandika "baadaye" ndiyo soksi yako. Na hilo neno tunafahamiana vizuri. Tumekaa nalo nyumba moja miaka kumi, linakula na halichangii. Wewe una miaka ishirini na tatu, magoti yako hujui hata yako wapi. Ijaze sasa, wakati haikuumi, na ofisi ya watu ikuongezee. Ukikataa pesa ya bure kwa ajili yangu nitakuona mjinga, na katika nyumba hii nafasi ya mjinga imeshachukuliwa.

Sijasema usipende magari. Wakikuambia gari ni chuma tu, waulize kama wamewahi kushuka mteremko wa Eldoret asubuhi, madirisha wazi, injini imetulia kama mtu anayewaza. Sisi ni watu wa magari, sitaki upone. Ukitaka gari, nunua lako, dogo, ambalo likifa Jumatatu, Jumanne unakwenda kazini kwa boda na hakuna anayelia. Na ukifika mahali ambapo hata kubwa halikupunguzii usingizi wala akiba ya uzeeni, nunua kubwa. Niite nilitoe bandarini. Nitalikalia kwanza, kama kawaida.

Na usinihurumie. Hili nalisema kwa ukali. Nina miaka hamsini na sita, macho ya mbali bado mazima, ya karibu ndiyo yanayotafuta miwani. Kampuni inapenda vijana siku hizi, lakini gari likiwa la bei ya kutisha bado wananiita mimi, kwa sababu vijana wanalijaribu kasi na mimi nimeshalijaribu zamani. Na kuna chumba cha sita pale Nateete, karibu na cha mama yako. Ni changu. Kimefika kwenye lenta. Mama yako anasema ule ukuta wa katikati ni wake na nitaulipia. Nimemwambia aniletee ankara. Wakinicheka kwamba mtu aliyekuwa na Mjerumani sasa anahesabu matofali, nawaambia waje wahesabu nami, mengine nahesabu vibaya.

Zile karatasi sijazichana. Sikulei hivyo. Nimezirudisha chini ya Biblia, ila ile nyeupe nimeiweka juu. Sahihi ni yako, mkono ni wako. Lakini nikiona gari jeusi limesimama hapa uani na utepe juu yake, nitalirudisha Mombasa mwenyewe, kwa barabara, na dereva wa kunishinda barabara ile hajazaliwa. Ukikasirika kwa uongo wangu, nipigie simu unitukane, nitapokea, una haki, na matusi ya Kiswahili nimekufundisha mimi. Ukinipigia kusema umenisamehe na kwa hiyo gari liko pale pale, nitakata.

Kuna jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya niandike badala ya kukuita tukae. Leo saa kumi na mbili jioni watu wa kanisani wanakuja kukuombea safari. Wale wale wa hema. Watakula, wataimba, halafu mchungaji atasema baba naye aseme neno. Nitakupa barua hii mkishatua mizigo yenu, uisome chumbani kwako, uwe unajua kabla yao. Maana nitasimama, na nitawaambia nani alilipa karo, na gari lilikufa vipi, na lile la kuuzwa kama ng'ombe aliyekufa pia nitalisema. Mama yako hajui. Angejua angenikataza, angesema yamepita.

Watu watacheka, au watanyamaza, na kunyamaza ndiko kubaya zaidi. Yule mwenye duka la chumvi atataka kurudishiwa mkono wake. Mimi nitamudu, nina mdomo. Wewe usisimame kunitetea. Kaa karibu na mama yako. Akitaka kuinuka aende jikoni, kama anavyofanya akisifiwa, mshike kitambaa umkalishe, asikie mpaka mwisho.

Baba yako, dereva